Neti ipo, majina hayapatikani: kusaka hitilafu ya DNS ndani ya fayawoli

Mtu akikuambia "neti imeenda", muulize imeendaje. Kwenye ofisi nyingi za Nairobi jibu huwa la kushangaza kidogo. Taa za ruta ya faiba ni kijani, ujumbe wa WhatsApp bado unaingia, kuna mtu yuko kwenye mkutano wa video bila shida yoyote, ila kila anayejaribu kufungua tovuti mpya anakutana na maandishi DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, au ukurasa unazunguka tu bila kufika popote. Kilichokwama ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Programu iliyokwisha kufungua muunganisho wake haiulizi jina tena. Inayoanza upya ndiyo inayokwama.

Kinachofuata kinajulikana. Fundi anakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, anaandika 8.8.8.8, seva ya umma ya Google, mahali pa seva ya DNS, tovuti zinafunguka, anashukuriwa. Kesho yake printa ya ghorofa ya pili haionekani na programu ya hesabu haioni seva ya ofisi, maana 8.8.8.8 haijawahi kusikia habari za mashine inayoitwa seva-hesabu iliyo kule stoo. Aliyekuwa akilijua jina hilo ni fayawoli, mashine inayolinda mlango kati ya mtandao wa ofisi na neti, na sasa haulizwi. Hitilafu yenyewe bado iko palepale, na kompyuta zitaendelea kuwekewa viraka kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Hapa nazungumzia zaidi pfSense na OPNsense, programu za fayawoli, kwa sababu zina matoleo yasiyo na leseni ya kulipia na zinakaa vizuri kwenye kompyuta ya ex-UK (mtumba) iliyoongezwa kadi ya pili ya mtandao. Kama fayawoli yenu ni ya kampuni nyingine lakini ina rizolva (programu inayotafuta majibu ya DNS) ndani yake, menyu zitatofautiana, mantiki itabaki ileile.

Mantiki yenyewe ni hii: DNS kwenye fayawoli ni mazungumzo matatu, na karibu kila mara linaloharibika ni moja tu. Kompyuta inaiuliza fayawoli. Fayawoli inajishauri ndani yake, yaani inaangalia kache (majibu iliyoyahifadhi), majina ya ofisi na orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza. Kisha, kama haina jibu, inatoka nje kuuliza ulimwengu. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua ni mazungumzo gani yamekatika. Mengi ninayoyaona yakiitwa "kurekebisha DNS" ni kubadilisha mambo manne kwa mpigo, kisha kutojua lililosaidia ni lipi.

Rizolva iliyo ndani ya fayawoli hizi mbili ni Unbound, programu ya NLnet Labs ya Uholanzi. pfSense iliifanya chaguo lake la kwanza kuanzia toleo la 2.2, mwaka 2015. Kabla ya hapo ilitumia dnsmasq, programu nyingine ya DNS, ambayo bado imo. Unbound hufanya kazi kwa namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya mkanganyiko. Chukua mgeni anayetafuta nyumba ya mtu mtaa wa Pipeline. Anaweza kushuka stegi na kuuliza mwenyewe: mwenye kibanda anamwonyesha barabara, mlinzi anamwonyesha ploti, keateka anamwonyesha mlango. Au anaweza kumpa mwendesha boda jina na kumwachia kazi yote. Namna ya kwanza ndiyo urejeshi kamili: Unbound inaanza kwa seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya mfumo wa majina, inaelekezwa kwa seva za .ke, kisha kwa seva za kikoa chenyewe. Namna ya pili ni kupeleka mbele: swali lote linatumwa kwa seva nyingine, kama 9.9.9.9 ya Quad9 au ile ya mtoa huduma wenu, na Unbound inangoja jibu.

Watu husikia "seva za mzizi" na kudhani kila swali linapaa hadi Marekani. Majina ya seva hizo ni 13, kuanzia A hadi M, lakini kila jina lina nakala nyingi duniani, na baadhi ziko hapa Nairobi. Mji huu una kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP, tangu mwaka 2000, ingawa kilifungwa kwa muda na kufunguliwa tena 2002. Kikoa cha .ke kinasimamiwa na KeNIC, hapahapa. Kwa hiyo urejeshi kamili si ubadhirifu kama unavyosemwa. Swali la kwanza kuhusu tovuti ambayo seva zake za majina ziko Ulaya litachelewa kidogo, kisha kache inalimaliza.

Sasa vipimo. Jipe kompyuta moja iliyo ndani ya mtandao na njia ya kuingia kwenye fayawoli yenyewe. Tuseme anwani ya fayawoli ni 192.168.1.1. Kwenye kompyuta andika:

dig @192.168.1.1 uonbi.ac.ke

Kwenye Windows isiyo na dig, tumia nslookup uonbi.ac.ke 192.168.1.1. Muhimu ni kuitaja anwani ya fayawoli waziwazi, la sivyo hujui ni nani aliyekujibu. Kisha rudia swali hilohilo ukiwa ndani ya fayawoli, ukiielekeza kwa 127.0.0.1, yaani ijiulize yenyewe. Fayawoli ikijijibu vizuri lakini kompyuta isipate kitu, mazungumzo ya tatu ni mazima na hakuna sababu ya kuisumbua laini ya nje. Ikishindwa hata kujijibu, achana na kompyuta za wafanyakazi.

Halafu soma jibu lenyewe. Wengi huona "haikufanya kazi" na kuishia hapo, ilhali kila namna ya kushindwa ina jina lake. NXDOMAIN maana yake kuna seva iliyojibu kwa uhakika kwamba jina hilo halipo. REFUSED maana yake seva imekusikia na imekataa kukuhudumia. SERVFAIL maana yake rizolva ilijaribu ikashindwa kupata jibu inaloliamini. NOERROR isiyo na anwani yoyote maana yake jina lipo ila hupewi ulichotaka. Na kimya kabisa, hadi muda ukaisha, maana yake kuna mahali paketi zinapotelea.

Kimya kutoka kwa kompyuta kwenda fayawoli ndicho rahisi zaidi. Ama Unbound haijawashwa, ama haisikilizi kwenye kadi ya mtandao unaotumia, ama sheria ya fayawoli inazuia poti 53, mlango unaopitiwa na maswali ya DNS. Hili la mwisho hutokea sana ofisi inapoongeza mtandao wa wageni: pfSense haiweki sheria yoyote kwenye kadi mpya, kwa hiyo kila kitu kimefungwa hadi ukifungue. Ukifungua, ruhusu UDP na TCP, njia mbili za kubeba paketi, zote mbili. Jibu likiwa kubwa kuliko linavyoweza kubebwa na UDP, mteja huambiwa aulize tena kwa TCP. Ukiwa umefunga TCP, tovuti nyingi zitafunguka na chache zitagoma bila sababu inayoonekana. Unbound ikigoma hata kuwaka, angalia kama dnsmasq nayo imewashwa. Haziwezi kukalia poti 53 moja.

REFUSED nayo haina fumbo. Unbound ina orodha ya mitandao inayoruhusiwa kuuliza, na pfSense huijaza yenyewe kwa mitandao iliyounganishwa moja kwa moja na fayawoli. Mtandao ulio nyuma ya swichi inayoelekeza trafiki, au wa tawi linalokuja kwa VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi kupitia neti), haumo hadi uuongeze. Mfanyakazi wa tawi atakuambia anaweza kuipigia fayawoli ping na hata kufungua ukurasa wake wa usimamizi, ila majina yanakataliwa. Ongeza mtandao wake kwenye orodha, basi.

SERVFAIL ndiyo yenye kazi.

Anza kwa kuuliza swali lilelile ukiongeza +cd, alama inayoiambia rizolva isikague saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu halijachezewa njiani. Jibu likija ukiwa na +cd na kukataa bila hiyo, ukaguzi wa saini ndio uliokwama. Hapo ushauri wa haraka ni kuizima DNSSEC kabisa, na mambo yatarudi, lakini umeondoa kinga bila kujua ilikuwa inalalamikia nini. Mara nyingi inalalamikia saa.

Kila saini ya DNSSEC ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mzizi wa DNS ulitiwa saini mwaka 2010, na tangu hapo rizolva inayokagua lazima ijue leo ni tarehe ngapi. Chukua ile kompyuta ya ex-UK, yenye umri wa miaka kadhaa, na betri ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao wake. Stima ikiwa ipo, hakuna anayejua. Stima ikipotea usiku na UPS ikaisha, mashine inaamka asubuhi ikiamini ni mwaka ambao ubao wake ulitengenezwa. Kwa saa hiyo, saini zote za leo hazijaanza kutumika. Unbound inakataa kila jibu. Fayawoli ingepaswa kurekebisha saa kwa NTP, utaratibu wa kuuliza saa mtandaoni, lakini seva za NTP zimeandikwa kwa majina, na majina yanahitaji DNS, na DNS inangoja saa. Wanaangaliana hivyo hadi mtu afike.

Ingia kwenye fayawoli, andika date. Tarehe ikiwa ya ajabu, isahihishe kwa mkono, washa upya NTP na Unbound, kisha nunua betri. River Road na Luthuli hazikosi. Kwa kujihami zaidi, weka seva moja ya NTP kwa anwani ya namba badala ya jina, ili mzunguko huo uwe na mahali pa kukatikia.

Saa ikiwa sawa, shuku ukamataji. Wapo watoa huduma ambao hudaka kila swali linalopita poti 53 na kulijibu kwa seva zao, hata kama wewe umeliandikia seva ya mzizi. Kwa simu ya kawaida haisumbui. Kwa Unbound inayofanya urejeshi kamili ni balaa: inamuuliza mzizi, inajibiwa na mtu asiye mzizi, saini hazipo au hazilingani, matokeo ni SERVFAIL zinazokuja na kwenda. Kipimo chake kinanifurahisha kwa urahisi wake. Anwani 192.0.2.1 imetengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni na haina mashine yoyote nyuma yake. Ukiwa ndani ya fayawoli, andika:

dig @192.0.2.1 uonbi.ac.ke

Sahihi ni kimya. Ukipata jibu, kuna mtu njiani anayejibu maswali yasiyomhusu. Usikipime ukiwa kwenye kompyuta ya ndani kama fayawoli yenyewe ina sheria ya kugeuza trafiki yote ya poti 53 ije kwake, maana utajidaka mwenyewe kisha umlaumu mtoa huduma.

Dawa ya ukamataji ni kuacha urejeshi kamili na kupeleka maswali mbele kwa DNS iliyofungwa ndani ya TLS (usimbaji uleule wa tovuti za https), kupitia poti 853. Ukiweka 9.9.9.9, andika pia jina lake, dns.quad9.net, ili Unbound ikague cheti. Bila jina unapata usimbaji tu, hujui unayezungumza naye. Na vyeti navyo vina tarehe, kwa hiyo lile suala la saa halijakuacha.

Majibu makubwa ya DNSSEC yana tatizo jingine kwenye laini za PPPoE (zinazoingia neti kwa jina na nywila ya mtoa huduma), ambako kipimo cha paketi ni baiti 1492 badala ya 1500. Paketi ya UDP inayozidi hapo hukatwa vipande, na vipande hupotea kwa urahisi. Tangu 2020 pendekezo la jumla ni kuweka kikomo cha baiti 1232, na matoleo mapya ya Unbound yanakuja hivyo. Fayawoli ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo bado inaweza kuomba 4096. Punguza kwa mkono, au sasisha, ambalo ulipaswa kulifanya zamani.

Ofisi zenye laini mbili zina ulimwengu wao. Faiba ndiyo kuu, ruta ya 4G ni ya akiba, na tingatinga la barabara likikata faiba kila mtu anatarajia kuhamia akiba bila kujua. Trafiki inahama. Majina yanabaki. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni Unbound kufungwa kwenye kadi ya faiba pekee katika mpangilio wa kadi za kutokea. Ya pili ni seva za DNS kuandikwa pamoja na njia zake, zote zikiwa zimefungwa kwenye laini moja. Gawa, angalau moja kila laini. Ya tatu hujificha zaidi: umeandika seva ya DNS ya mtoa huduma wa faiba, na swali sasa linatokea mtandao wa kampuni ya simu. Seva ya mtoa huduma kwa kawaida huwahudumia wateja wake tu, kwa hiyo inakukataa au inanyamaza. Kwa laini mbili, tumia seva zinazohudumia yeyote.

Hata faiba ikirudi, kuna dakika kadhaa za kero zinazowafanya watu waamini kuzima na kuwasha kuliko kitu kingine chochote. Unbound huweka kumbukumbu ya hali ya kila seva iliyozungumza nayo, na kwa mpangilio wake wa kawaida kumbukumbu hiyo hudumu sekunde 900, yaani dakika 15. Seva zilizokosa kujibu laini ilipokatika zinaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa zimekufa kwa muda huo, ingawa ziko hai. Badala ya kuzima mashine nzima, andika:

unbound-control -c /var/unbound/unbound.conf flush_infra all

Kumbukumbu hiyo inafutwa na kache ya majina inabaki salama.

Majina ya ndani yana mitego yake. Tuseme makao makuu ni Nairobi, na umeiambia fayawoli ya tawi la Nakuru kwamba kila jina la kikoa cha ndani cha kampuni liulizwe kwa seva iliyo makao makuu, kupitia VPN ya IPsec. Kompyuta ya Nakuru ikimuuliza seva huyo moja kwa moja inajibiwa. Fayawoli ikimuuliza, kimya. Swali linalotoka kwenye fayawoli yenyewe hubeba anwani ya kadi ya nje, na anwani hiyo haimo katika mitandao ambayo VPN imekubali kuibeba, kwa hiyo paketi inajaribu kupita mtandao wa wazi na kupotea. Chagua kadi ya ndani iwe kadi ya kutokea ya Unbound na uangalie tena. Jibu likiwa SERVFAIL, huenda ni kwa sababu kikoa hicho cha ndani hakina saini. Kitangaze kuwa hakikaguliwi, na DNSSEC ibaki kwa vikoa vingine vyote.

Ukipata NOERROR tupu kwa jina linalopaswa kuwa na anwani kama 192.168.10.5, ni ulinzi. Unbound hutupa majibu ya nje yenye anwani za ndani, kwa sababu kuna shambulio linalotumia ujanja huo kuifanya browza ya mfanyakazi iguse vifaa vya ofisi. Kama ni kikoa chenu wenyewe na mnajua mnachofanya, kiruhusu kwa jina. Usizime ulinzi wote kwa ajili ya mashine moja.

Malalamiko ya "inakatika sekunde chache kisha inarudi", siku nzima, ni ya namna yake. Angalia kama umeiambia pfSense iandikishe majina ya vifaa vinavyopewa anwani na DHCP. Kwa utaratibu wa zamani, kila kifaa kikipewa au kuongezewa muda wa anwani, Unbound inasoma upya mipangilio na kupoteza kache yake. Ofisi ya watu kumi haitaona. Chuo au kanisa lenye simu mia mbili za wageni na muda wa anwani wa saa moja litaona kila dakika. Matoleo mapya yanayotumia Kea, programu mpya ya DHCP, yameliondoa tatizo hilo. Kwa ya zamani, zima uandikishaji na uzipe majina ya kudumu mashine chache zinazohitaji. Orodha ndefu za kuzuia matangazo huleta kero ya aina hiyohiyo zinapopakiwa upya, hasa mashine ikiwa na RAM ndogo.

Mwisho kuna vifaa ambavyo havikuulizi kabisa. Firefox inaweza kutuma maswali yake ndani ya HTTPS; fayawoli ikijibu NXDOMAIN kwa jina use-application-dns.net, Firefox itaacha kuiwasha tabia hiyo yenyewe, ila mtumiaji aliyeiwasha kwa mkono haguswi na hilo. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina DNS ya faragha kwenye poti 853. Ikiwa kwenye hali ya kujichagulia, na poti ikiwa imefungwa, simu inarudi kwenye DNS ya kawaida bila kelele. Ikiwa mwenye simu ameandika jina la seva mahususi, simu inakataa kurudi na yeye anabaki bila majina huku wenzake wote wako sawa. Kwa hiyo mtu mmoja akilalamika mara tu baada ya wewe kufunga poti 853, omba simu yake uangalie mpangilio huo kabla ya kurudi kwenye Unbound.